Kabla ya Kuhamia Kwenye "Shule Nzuri"

Likizo ya kiangazi ndiyo msimu wa kuhama kwa familia nyingi za wasemaji wa Kiswahili hapa Marekani, na ushauri unaozunguka misikitini, makanisani na kwenye vikundi vya simu ni uleule: tokeni mjini, nendeni vitongojini, shule za kule ni nzuri. Toleo hili linauchunguza ushauri huo, kwa sababu familia zinaulipia ghali.

Una chanzo chake. Hapa hakuna wizara inayogawa fedha kwa kila shule. Zipo wilaya za shule zaidi ya 13,000, na sehemu kubwa ya fedha zao hutokana na kodi ya majengo ya palepale. Kesi ya San Antonio, Texas, inaonyesha jambo hili waziwazi. Mwaka 1968 wazazi wa Edgewood, mtaa maskini wa Wamarekani wenye asili ya Meksiko, walishtaki wakiongozwa na Demetrio Rodriguez. Walijitoza dola 1.05 kwa kila dola 100 za thamani ya mali, wakaambulia dola 26 kwa mwanafunzi. Majirani zao wa Alamo Heights walijitoza senti 85 tu, wakapata dola 333. Aliyelipa kwa kiwango kikubwa ndiye aliyepata kidogo! Mwaka 1973 Mahakama Kuu ya nchi, kwa kura 5 dhidi ya 4, ilisema Katiba haikatazi hali hiyo. Majimbo mengi yamerekebisha kanuni zake tangu hapo, Texas ikiwemo, lakini mpaka wa wilaya bado una uzito. Mwaka 2011 mama mmoja wa Akron, Ohio, alifungwa jela kwa kutumia anwani ya baba yake ili binti zake wasome wilaya ya jirani.

Kwa hiyo simlaumu mzazi anayehama. Ninachopinga ni kipimo anachotumia. Alama ambazo madalali huziweka kando ya picha ya nyumba kwa kawaida huegemea wastani wa mitihani, na wastani huo hufuata sana kipato cha wazazi. Haukuambii mtoto aliyeingia akiwa nyuma alisogezwa hatua ngapi. Sean Reardon wa Chuo Kikuu cha Stanford alipopima hatua hizo, aliona kuwa watoto wa shule za umma za Chicago, kati ya darasa la tatu na la nane, walipiga hatua ya miaka sita ndani ya miaka mitano. Wastani wao ulikuwa bado chini ya ule wa taifa. Mzazi anayesoma wastani peke yake angeikimbia Chicago.

Na bei ya kukimbia inajulikana. Mwaka 1999 mchumi Sandra Black alilinganisha nyumba zilizo pande mbili za mipaka ya shule katika vitongoji vya Boston. Alama za mitihani zikipanda asilimia 5, bei ilipanda kama asilimia 2.5. Kwa mpangaji, tofauti hiyo hugeuka zamu ya pili kazini, na jioni ambazo mtoto anafanya kazi za shule bila mzazi nyumbani.

Ulizeni basi maswali yenu wenyewe. Watoto wanaojifunza Kiingereza hufundishwaje, na huchukua miaka mingapi hadi wasihitaji tena msaada wa lugha? Sheria ya elimu ya taifa ya 2015 inayataka majimbo kupima maendeleo ya watoto hao, na hukumu ya Mahakama Kuu ya 1974 katika kesi ya Lau inazilazimisha shule kuwasaidia. Mkalimani wa Kiswahili yupo siku ya kikao cha wazazi, au mtoto ndiye atakayemtafsiria mama yake habari mbaya za kwake mwenyewe? Basi la shule linafika mtaani kwenu? Msiogope kuuliza kwa sababu ya makaratasi. Tangu Mahakama hiyohiyo ilipoamua kesi ya Plyler mwaka 1982, shule ya umma haiwezi kumkataa mtoto kwa hali yake ya uhamiaji.

Na kabla ya kutia saini mkataba wa nyumba, ipigieni simu ofisi ya wilaya mkiwa na namba kamili ya nyumba hiyo. Anwani ya posta yenye jina la kitongoji haimaanishi kwamba nyumba imo katika wilaya ya shule ya jina hilo.