Muuguzi Hapimwi kwa Tani



Tunawaandikia kutoka mashamba ya miwa ya Busoga, mashariki ya Uganda. Wakata miwa wengi hapa wametoka mbali, hasa West Nile. Wako Walugbara, wako Waalur, na kazini tunasikilizana kwa Kiswahili. Shida huanza tunapougua.

Mwenzetu mmoja, mzee Mlugbara, alipelekwa hospitali na mke wa mwanawe, kwa kuwa ndiye pekee nyumbani aliyejua Kisoga. Foleni ilikuwa ndefu. Sista akauliza mbele ya yule mama: mzee anaumwa wapi? Mzee akajibu, kichwa. Akapewa vidonge vya kichwa, akarudi kambini. Siku ya tatu alirudishwa huku tumbo la chini limevimba na mkojo umefunga kabisa. Mzee gani wa kwetu angeutaja ugonjwa huo mbele ya mkwewe?

Safari hii alimkuta muuguzi mwingine, wa zamu ya usiku. Huyu aliona jinsi mzee anavyogeuza uso kila anapoulizwa. Akamtuma yule mama akatafute maji ya kunywa, akamwita mfagiaji wa wodi, kijana wa Arua, amwulize mzee kwa Kilugbara. Dakika tano hazikwisha, mzee alikwisha sema yote. Daktari akaitwa, mpira wa mkojo ukawekwa. Mzee yu hai.

Wenzetu wengi wanasema wa pili ana moyo mwema na wa kwanza ni mvivu. Hatukubali. Yule wa kwanza hakuwa amekaa chini tangu asubuhi. Alifanya kazi kama apendavyo mnyapara: mbio mbio, foleni iishe. Lakini miwa hupimwa kwa tani, mgonjwa hapimwi hivyo. Kujua nani anaweza kusema nini mbele ya nani ni ujuzi wa kazi sawa na kupiga sindano, na ujuzi hufundishwa. Muuguzi Mmarekani, Madeleine Leininger, aliufanya kuwa somo la chuo tangu miaka ya 1960.

Hatuwatetei wanaotukana wagonjwa. Muuguzi anayemcheka mkata miwa kwa matamshi yake asisingizie uchovu. Sisi pia tunachoka na hatumtukani mtu (na tukimtukana tunaitwa ofisini).

Hata hivyo, ujuzi huo unahitaji muda, na muda ni jambo la chama. Mwaka 1977 Shirika la Kazi Duniani lilipitisha Mkataba Namba 149 kuhusu wauguzi. Unataka saa zao za kazi, malipo ya saa za ziada na mapumziko ya wiki yasiwe duni kuliko ya wafanyakazi wengine nchini, na washirikishwe katika kupanga huduma yao. Anayedai sista amsikilize kwa utulivu hana budi kudai na hayo pia.

Na yule mfagiaji? Usiku ule alikuwa mkalimani, lakini mshahara wake ni wa ufagio tu. Katika mkutano ujao wa tawi tutaleta ombi: watu kama yeye waandikwe na kulipwa posho ya ukalimani, na kila muuguzi mgeni apewe wiki moja ya kutembelea kambi zetu kabla ya kuanza zamu. Chai tutapika wenyewe.