Fisi maji wa Ziwa Victoria anasingiziwa

Hoja ya mwandishi wa makala ninayoijibu kwamba fisi maji ndiye anayewamalizia samaki wavuvi wa Ziwa Victoria, hoja ambayo wachangiaji kadhaa wa maoni wameipokea bila kuihoji, haioani na maumbile ya mnyama mwenyewe. Fisi maji mwenye madoa shingoni, ambaye licha ya jina lake si fisi bali ni ndugu wa nyegere na kicheche, huwinda kwa macho, kwa hiyo huhitaji maji maangavu, na mawindo yake ni samaki wadogo, hasa furu, yaani wale samaki wa ukoo wa sato ambao spishi zao nyingi zilitoweka baada ya sangara kupandikizwa ziwani katika miaka ya 1950 na 1960. Anayetulia alfajiri kwenye miamba ya Kisiwa cha Rubondo humwona akiibuka na samaki asiyezidi urefu wa kiganja, akimtafuna papo hapo huku kamshika kwa mikono miwili. Mnyama wa kilo nne au tano hivi atashindanaje na mitumbwi? Ndugu wachangiaji wautazame pia upande wa pili, kwamba nyavu za kutegesha humnasa fisi maji anapomfuata samaki, naye, kwa kuwa hupumua hewa kama binadamu, hufa maji kabla mwenye wavu hajarudi. Wengine huuawa kwa ajili ya ngozi na dawa za jadi, na matete wanamojificha yanafyekwa. Inasikitisha kwamba makala ndefu namna hii haikuyataja hayo hata kwa sentensi moja.