Tumechoka na Maajabu ya Mwanza

Nina ugomvi na neno moja: maajabu. Halipiti juma bila kulikuta kwenye simu, maajabu kumi ya Kanda ya Ziwa, maajabu usiyoyajua ya Mwanza. Ukifungua ni yale yale. Jiwe la Bismarck, jiwe linalocheza kule Ukara, sato wa kuchoma, jua likizama. Basi, habari imekwisha. Huambiwi nani, huambiwi vipi, huambiwi kwa nini.

Mimi ni mwandishi wa habari, kwa hiyo najua zinavyopikwa. Mhariri anataka stori nyepesi ya wikiendi, mpigapicha anataka mawe na maji. Picha sina ugomvi nazo. Ninachokataa ni mshangao wa sekunde tano kuitwa udadisi, kwa sababu wanaopata hasara ni sisi tunaoishi huku.

Chukua Jiwe la Bismarck. Otto von Bismarck alikuwa kansela wa Ujerumani na hakuwahi kukanyaga Mwanza. Wajerumani waliondolewa hapa mwaka 1916. Zaidi ya miaka 100 baadaye bado tunalipiga picha na kulitangaza kama nembo ya jiji, na makala nyingi hazijishughulishi hata kuuliza wavuvi waliliitaje kabla ya Mjerumani kufika. Swali lenyewe ni dogo, hata nauli halihitaji.

Halafu Ukara. Watu wanavuka ziwa kwenda kuona jiwe ambalo husemwa hucheza likiimbiwa. Sawa, waende. Lakini ili kulifikia wanapita katikati ya mashamba ambayo wataalamu wa kilimo wameyaandikia kwa miongo mingi. Mwaka 1936, toleo la kwanza la jarida la Tanganyika Notes and Records lilikuwa na makala kuhusu kilimo cha Wakara. Kisiwa ni kidogo, watu ni wengi, ardhi yenyewe imechoka. Wakafanyaje? Ng'ombe walifugwa ndani, kwenye shimo, wakiletewa majani na matawi. Samadi ilirundikana humo hadi ikatolewa na kubebwa kichwani kwenda shambani. Katikati ya uwele walipanda marejea, kisha wakayafukia ardhini yawe mbolea. Miti ilikuwa na wenyewe, mmoja mmoja. Hata majani ya ng'ombe yalipandwa, kwenye mashimo yaliyochimbwa penye maji.

Na kuna jambo linalonivutia kuliko yote hayo: Wakara wengi waliohamia bara, kwenye ardhi tele, waliiacha kazi hiyo. Maana yake haikuwa mila tu ya kurithi. Walipiga hesabu ya ardhi na jasho, na hesabu ilipobadilika, nao wakabadilika. Hapo kuna somo zima la uchumi, na leo mkulima analia na bei ya mbolea ya dukani. Sisi tunamletea picha ya jiwe.

Na njia ya kufika huko? Tarehe 20 Septemba 2018, kivuko cha MV Nyerere kilizama karibu na Bwisya kikitokea Bugolora. Kilipaswa kubeba watu 101. Waliokufa walizidi 220. Wengi walikuwa wakazi wa visiwani, watu wa kwenda sokoni na kurudi. Mwandishi anayekupeleka Ukara kuangalia jiwe bila kugusia kivuko amekuficha kitu cha kwanza ambacho msafiri angepaswa kuuliza.

Eti watu hawana muda wa mambo marefu. Hiyo hoja naisikia kila siku, na jibu langu ni Mkerewe mmoja: Aniceti Kitereza. Mwaka 1945 alimaliza kuandika kwa Kikerewe habari za Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka, mume na mke wanaotafuta mtoto huku ndugu wakiwasimanga. Humo utaona jinsi pombe ya ndizi inavyotengenezwa, jinsi mkwe anavyoombwa radhi, jinsi mgonjwa anavyotibiwa, hatua kwa hatua, bila haraka. Kitereza alielewa kwamba kitu cha kila siku kinastahili kuelezwa mpaka mwisho.

Malipo yake? Alikitafsiri mwenyewe kwa Kiswahili, na Tanzania Publishing House ikakitoa mwaka 1980, miaka 35 baada ya kukimaliza. Mwaka uliofuata alifariki, kabla nakala hazijamfikia mkononi. Wajerumani walianza kukisoma kwa lugha yao mwaka 1991. Tafsiri ya Kiingereza ilitoka 2002, kazi ya Gabriel Ruhumbika, naye mtu wa Ukerewe. Sasa nenda pale Makoroboi uwaulize vijana kumi Kitereza ni nani. Halafu waulize Bismarck.

Wenye hoteli na waongoza wageni watasema nawaharibia biashara. Hapana, jamani. Mgeni wa kupiga picha na jiwe anamaliza kwa dakika kumi na anawahi boti. Anayetaka kujua samadi inavyobebwa, au mtumbwi unavyochongwa, atalala, atakula, atarudi tena na wenzake. Hata kwa hesabu ya fedha tu, maelezo yana faida.

Kwa hiyo, mwandishi mwenzangu, ukipewa safari ya Ukara, lipige picha hilo jiwe, usijinyime. Kisha geuka. Huenda kuna mtu anapita na mzigo wa majani ya ng'ombe kichwani. Msalimie, muulize anayapeleka wapi na kwa nini, na usiangalie saa anapokujibu, maana jibu ni refu.