KONA YA WALIMU: Mto nao una fungu lake

 

Mwezi uliopita tulishuka Bujumbura kuona familia za wenzetu wanaokaa Mutakura. Tulikuta bidoni zimepangwa mustari mbele ya robine, na robine yenyewe kavu. Msichana mmoja wa darasa la tano alishakosa masomo siku mbili sababu ya ule mustari. Akatuuliza: "Mwalimu, mto Ntahangwa si uko pale? Mbona wasiuingize wote kwenye mabomba, nasi tupate?"

Swali lilitunyamazisha. Mwenye kiu ana haki ya kuuliza. Basi leo tumjibu.

Maji mengi ya mji wa Bujumbura yanatoka Ziwa Tanganyika. Lakini ziwa nalo linalishwa na mito, Ntahangwa ukiwemo. Mto ukinyonywa wote, walio chini wanabakia na matope, samaki wanakufa, na uchafu unakosa maji ya kuusukuma.

Tuangalie jirani zetu Tanzania. Mto Ruaha Mkuu zamani ulitiririka mwaka muzima. Tangu 1993 unakatika wakati wa kiangazi, na sababu kubwa ni maji yanayovutwa kwenda mashamba ya mpunga kule Usangu. Dar es Salaam nayo inategemea sana mto Ruvu. Oktoba 2022 mvua zilichelewa, mto ukapungua, watu wa mji wakapewa maji kwa zamu.

Ndiyo maana kule kuna sheria ya mwaka 2009. Anayetaka kuvuta maji mengi, awe mji, kiwanda ao shamba, anaomba kibali kwa bodi ya bonde la mto, na kibali kinasema kiasi gani. Sheria imepanga zamu pia: kwanza maji ya kunywa na kupika, pili maji ya mto wenyewe na viumbe vyake, kisha ndipo shughuli zingine. Burundi pia ina sheria yake ya maji, ya tarehe 26 Machi 2012.

Kwa hiyo, binti yetu, bidoni yako ya kunywa iko mbele ya wote. Lakini inayofuata ni ya mto, siyo ya mwenye kuosha gari. Na bomba linalovuja njiani likizibwa, maji yanaongezeka bila kuugusa mto.

Kazi ya nyumbani: chora mto na bidoni kumi. Baba, mama na watoto wagawe pamoja: ngapi za kunywa, ngapi za kufua, ngapi za bustani, ngapi zibaki mtoni? Nani atakubali kupunguza kiangazi kikifika? Mutaona kugombana kidogo. Ni vizuri, hata wakubwa wanagombana hivyo hivyo.

Tuonane mwezi ujao. Mubaki na amani.

Ni sisi, walimu wenu wa kujitolea.