ED ya mtandaoni lazima iwe na daktari wa kuiwajibikia

Cheti cha mapumziko ya ugonjwa, kile ambacho maofisini na viwandani kinaitwa ED, sasa kinapatikana bila mgonjwa kutoka kitandani. Anaweka miadi kwa simu, analipa kwa simu, anazungumza na daktari dakika chache, na karatasi inaingia WhatsApp kabla zamu haijaanza. Wakati mwingine aliyezungumza naye ni daktari kweli. Wakati mwingine hapakuwa na mazungumzo yoyote, ila malipo. Ofisa utumishi anayepokea karatasi hizo mbili anaona kitu kilekile: jina, tarehe, idadi ya siku, saini na mhuri. Hali hiyo haikubaliki, na wenye mamlaka ya kuikomesha wanajulikana.

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa mwajiriwa siku zisizopungua 126 za likizo ya ugonjwa katika mzunguko wa miezi 36. Siku 63 za kwanza hulipwa mshahara kamili, na 63 zinazofuata nusu mshahara. Haki hiyo inategemea cheti. Kisipoletwa, mwajiri halazimiki kulipa. Sheria inataka cheti kitolewe na daktari aliyesajiliwa, au tabibu mwingine ambaye mwajiri amemkubali, na inamzuia mwajiri kumkataa bila sababu ya msingi. Imesema ni nani atoe cheti. Haikusema amwone mgonjwa kwa njia gani, kwa kuwa mwaka 2004 hakuna aliyekuwa na haja ya kuliuliza swali hilo.

Pengo hilo linaumiza pande zote mbili. ED ya kununua inalipwa na mwajiri, na inabebwa na wafanyakazi wenzake wa aliyeinunua, wanaoongezewa zamu. ED halali inayokataliwa inaweza kumfukuzisha mtu kazi: Kanuni za Utendaji Bora za mwaka 2007 zinahesabu kutokuwepo kazini zaidi ya siku tano za kazi, bila ruhusa wala sababu inayokubalika, kuwa miongoni mwa makosa yanayoweza kuhalalisha kuachishwa kazi. Mgonjwa aliyefuata utaratibu hapaswi kufikishwa Tume ya Usuluhishi na Uamuzi kuthibitisha kwamba daktari wake ni daktari.

Waajiri wanaokataa kila cheti kilichotolewa kwa njia ya mtandao wamechagua njia rahisi, na si ya haki. Mfanyakazi anayeharisha na kutapika tangu usiku hana sababu ya kitabibu ya kupanda daladala kutoka Chanika, kukaa foleni ya wagonjwa wa nje hadi adhuhuri na kurudi na karatasi inayomwambia apumzike nyumbani. Anajichosha, na kama ugonjwa wake ni wa kuambukiza amewaweka hatarini abiria na wagonjwa wenzake. Serikali yenyewe inahimiza tiba mtandao ili wananchi walio mbali wawafikie mabingwa. Haiwezekani ushauri wa daktari kwa njia hiyo uaminike katika kuandika dawa, kisha utiliwe shaka mara tu unapohusu siku tatu za kupumzika.

Hata hivyo, njia hiyo ina mipaka, na madaktari wanaijua kuliko mtu yeyote. Dar es Salaam ilipata milipuko ya dengue mwaka 2014 na tena mwaka 2019. Siku za mwanzo ugonjwa huo hufanana na malaria: homa, kichwa, maumivu ya mwili. Tofauti inaonekana kwenye damu, na hakuna kamera ya simu inayopima damu. Daktari anayemsikiliza mtu mwenye homa kali, akamwandikia siku saba bila kumwelekeza akapime, hakumtibu. Amemuuzia siku, na pengine amemwacha na ugonjwa unaoweza kumuua akiwa na ED mkononi. Ndivyo ilivyo pia kwa anayeandika tarehe za kurudi nyuma ili kufunika utoro wa wiki iliyopita. Huyo anathibitisha hali ambayo hakuiona.

Ujerumani ilikutana na jambo hili mapema. Kampuni moja ya Hamburg ilianza kutoa vyeti vya mapumziko kwa watu waliojibu maswali kwenye simu zao, na mwaka 2020 mahakama ya rufaa ya mji huo ikapiga marufuku namna huduma hiyo ilivyotangazwa. Nchi hiyo haikufunga mlango. Iliruhusu cheti kwa mazungumzo ya video, ikaweka ukomo wa siku, na ukomo huo ukawa mfupi zaidi kwa mgonjwa ambaye daktari hamfahamu. Tangu Januari 2023 waajiri huko huchukua taarifa ya mapumziko kwa njia ya kielektroniki kutoka mfuko wa bima ya afya wa mfanyakazi aliyemo katika bima ya umma, kwa hiyo karatasi ya kughushi haina pa kuingilia.

Tanzania haihitaji mitambo ya gharama hiyo ili kuanza. Baraza la Madaktari Tanganyika lina daftari la kila daktari mwenye haki ya kutibu. Wizara ya Afya, pamoja na Baraza na Kamishna wa Kazi, watoe masharti ya ED ya tiba mtandao katika lugha ambayo mwenye karakana Mbagala ataielewa. ED iwe na namba ya usajili wa daktari, jina la kituo kinachobeba dhamana na namba ya cheti inayoweza kuhakikiwa siku hiyohiyo. Ieleze wazi kwamba mgonjwa alionwa kwa video au alisikilizwa kwa simu. Siku ziwe chache kwa mgonjwa mpya, na zisiongezwe bila kuonwa ana kwa ana. Mhuri peke yake usihesabiwe kuwa uthibitisho. Mihuri inachongwa mitaani.

Waajiri nao wana mpaka wao. Wanachostahili kujua ni kwamba mfanyakazi hawezi kufanya kazi, na kwa siku ngapi. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inazihesabu taarifa za afya kuwa nyeti. Msimamizi anayedai kutajiwa ugonjwa, au anayepiga picha ED ya mtu na kuirusha kwenye kundi la WhatsApp la idara, anaiweka kampuni yake mbele ya sheria hiyo.

Adhabu hazihitaji kutungwa upya. Kughushi ni jinai chini ya Kanuni ya Adhabu, na kughushi kwa kompyuta kumetajwa katika Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015. Kinachotakiwa ni Baraza kuita madaktari wanaolalamikiwa kuuza ED, kusikiliza mashauri yao bila kuyalaza, na kutangaza maamuzi pamoja na majina ya waliosimamishwa, ili mwajiri aliyepokea saini zao ajue la kufanya.