Samaki wa Mtoni Wana Walezi Wao

Wiki hii nataka kuwasimulia aibu iliyonipata, maana huenda ikamfaa mwingine kabla haijampata yeye.

Jumamosi moja, baada ya juma zima la kuinamia majalada ofisini, nalichukua ufito wangu wa kuvulia pamoja na leseni yangu, nikaenda Mto Gura, ushukao kutoka milima ya Nyandarua. Maji yake ni baridi tena yaenda mbio, nayo ndiyo yampendezayo samaki aitwaye trauti. Chambo changu hakikuwa nyungunyungu, bali nzi wa bandia aliyefungwa kwa manyoya na uzi juu ya ndoana. Nalisimama muda wa saa tatu pasipo kupata kitu. Hatimaye mshipi ukakaza, nikamvuta samaki mmoja, nikafurahi kama mtoto.

Mara akatokea mlinzi wa mto, mzee mwenye koti kuukuu. Tukasalimiana kwa heshima, akaitazama leseni yangu, kisha akamlaza samaki wangu kando ya fimbo yake yenye alama.

"Mwanangu," akasema, "leseni yako ni nzuri, lakini huyu bado ni mdogo. Mrudishe."

Nikamweleza kwamba nimetoka mbali, na kwamba samaki mmoja si kitu.

Akanijibu kwa upole, "Kila ajaye hapa huniambia habari ya samaki mmoja."

Nalikosa la kusema. Nikalowesha mikono nisimchubue, nikamrudisha majini.

Njiani nalilifikiri sana neno lile. Trauti si wenyeji wa mito yetu. Mwaka 1905 Bwana Ewart Grogan alileta mayai yao kutoka Loch Leven, Scotland, nao wakapandwa katika mto uo huo wa Gura. Jina la Grogan twalisoma vitabuni, lakini majina ya wapagazi waliopandisha mzigo ule mlimani hatuyasikii. Kisha mwaka 1948 kituo cha kutotoleshea trauti kikaanzishwa Kiganjo, karibu na Nyeri.

Kazi ya namna hiyo yataka uvumilivu. Jike hukamuliwa mayai taratibu kwa mkono, yakachanganywa na mbegu za dume, yakawekwa katika trei zipitazo maji baridi. Maji yakiwa ya digrii 10 hivi, mayai ya trauti wa upinde wa mvua hukaa karibu mwezi mmoja kabla ya kuanguliwa, na yaliyokufa huondolewa yasiyaambukize mazima ukungu. Vifaranga hulishwa mpaka wapate nguvu, ndipo wapelekwe mitoni.

Kazi hiyo yote yaweza kuharibiwa na mtu mmoja kwa asubuhi moja. Atiaye sumu mtoni huua samaki wakubwa kwa wadogo, na jirani zake walio chini huteka maji yayo hayo. Akataye miti ya ukingoni huyaacha maji yachomwe na jua. Na mvua inyeshapo, udongo huteremka ukafunika changarawe ambamo trauti hutaga, mayai yakakosa hewa.

Basi, ndugu yangu, ukienda kuvua kwa kujiburudisha, kata leseni, jifunze kipimo kinachoruhusiwa, na aliye mdogo umrudishe. Ukikutana na mlinzi wa mto, usimdhanie kuwa mtu wa kukuharibia starehe; pasipo yeye ungesimama kando ya maji matupu. Watoto wetu nao tuwafunze mapema, maana samaki mkunje angali mbichi.

Siku ile nalirudi nyumbani mikono mitupu. Mke wangu aliponiuliza samaki yuko wapi, nalimjibu kwamba yuko mtoni, anakua.