Orodha ya mashujaa wa Gor Mahia isianzie 1987

MASHABIKI wa Gor Mahia, kutoka Homa Bay hadi Migori, wanapoulizwa ni nani walioijenga klabu hiyo, wengi hukimbilia mwaka wa 1987. Si ajabu. Nahodha Austin Oduor na wenzake, akiwemo mfungaji hodari Peter Dawo, walitoka sare ya 2-2 na Esperance jijini Tunis, kisha 1-1 Nairobi, wakatwaa Kombe la Washindi Afrika kwa mabao ya ugenini. Hakuna klabu nyingine ya Kenya iliyowahi kunyakua taji la bara.

Lakini orodha hiyo inawadhulumu waliotangulia. Kikosi cha 1976 kilishinda ligi bila kupoteza mechi. Kile cha 1979 kilifika fainali ya kombe lilo hilo, kikalazwa na Canon Yaoundé. Kushindwa huko ndiko kulikoonyesha kwamba njia ipo.

Wapo pia wanaomtaja mganga mashuhuri wa Kanyamwa, Ndhiwa, ambaye klabu ilirithi jina lake 1968. Huyo hakupiga mpira. Heshima yake ni ya jina. Oduor astahili nafasi ya kwanza, ila wa pili atoke katika kikosi cha 1979.